Hodi ya Nne

Mji uliteketea tena kabla ya chai ya saa nne, na Tusajigwe Mwakalukwa alikuwa anamenya chungwa.

Kwenye kioo kilichofunika ukuta mzima wa ofisi, kunguru-chuma walishuka juu ya Kambi ya Mabomba wakitema moto. Mabati yalijikunja. Watu walitoka mbio nguo zikiwaka, wengine wakaanguka na kukanyagwa na majirani zao, na mwanamume mmoja aliyekuwa amejitwika godoro alikatwa kiunoni na bawa la chuma, godoro likamfunika. Tusajigwe akatema mbegu kiganjani, akabonyeza kitufe cha kufuta. Maiti wakatoweka. Mabati yakanyooka. Yule wa godoro akasimama tena mlangoni pake, mzima wa afya, akijikuna. Kisha kunguru wakashuka upya.

Usimwite katili, maana hakuna aliyekufa. Huo ulikuwa Mjipepe, mfano wa jiji la Ukwajuni lililoko bonde la Rukwa, uliotengenezwa kwa hesabu tupu. Chini ya sakafu ya ofisi ile, kwenye chumba chenye baridi ya kutetemesha meno, kulikuwa na tarakilishi moja kubwa, na ndani yake ziliishi mashine pepe mia tatu: mashine zisizo na chuma wala waya, kila moja ikijidhania kuwa ni tarakilishi kamili. Kila mashine pepe ilibeba Mjipepe wake, wenye malango yake na watupepe wake, watu wa hesabu tupu. Aliyeziendesha zote aliitwa Mpimaji, naye hakuwa mtu bali programu. Kanuni yoyote mpya ya Ukuta wa Moto, kabla haijagusa jiji la kweli, Mpimaji aliipachika kwenye miji yote mia tatu, akaishambulia yote kwa pamoja, akahesabu waliokufa.

Na huo Ukuta wa Moto hauna moto wala tofali. Ni jina la zamani, la enzi ambapo kazi yake ilikuwa kulinda data peke yake: kutazama kila ujumbe unatoka wapi, unakwenda wapi, unataka mlango gani. Ukwajuni walipoyaunganisha malango ya chuma na mtandao, binadamu naye akawa ujumbe. Ana kitambuzi chini ya ngozi ya kiganja. Anakigusisha langoni, Ukuta unamsoma, unapitia kanuni zake kuanzia ya juu, na ya kwanza inayomhusu ndiyo inayoamua. Ikisema Ruhusu, lango linazama ardhini, apite. Ikisema Kataa, sauti inamwambia arudi alikotoka. Siku ile walikuwa wanapima kanuni ya themanini na nane, na hiyo ilikuja na neno la tatu.

Nyamazia.

Kundi lolote litakalokuja mbio kwenye lango moja bila kibali cha awali, Ukuta utalinyamazia. Hautafungua, hautakataa, hautasema kitu. Dokta Gervas Mbilinyi, mkuu wa idara, ndiye aliyeibuni. "Ukimwambia jambazi hapana," alipenda kusema, "umeshamwambia kwamba mlango upo na ndani kuna mtu. Mwizi akigonga, mwenye akili haitiki. Anazima hata redio."

Alikuwa na sababu yake, na tusimdharau. Mwaka juzi majambazi wa gesi waliingia Ukwajuni wamejichanganya na watu waliokuwa wanakimbia mvua ya mawe. Lango liliwaonea watu huruma, likafunguka. Vijana kumi na wanane wa mtambo wa heliamu walichinjwa zamu ya asubuhi, na mmoja wao alikuwa Deo, mtoto wa pekee wa Dokta Mbilinyi. Baba mtu ndiye aliyemtambua, kwa soksi.

"Mia mbili tisini na tisa kijani," alisema Pazi kutoka meza ya pili. "Mmoja mwekundu. Dada Tusa, Mama Mkaidi kaamka na mashetani yake."

Pazi Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, fundi mzuri, mdomo haufungi. Tusajigwe akausogeza ule mji mwekundu mbele ya kioo. Kwenye Lango la Saba, linalotazamana na Kambi ya Mabomba, palikuwa na mtupepe mwanamke, kitambaa kichwani, akigonga. Watupepe wote walikuwa na adabu, kwa sababu Tusajigwe ndiye aliyewafunza, na yeye alilelewa Tukuyu na mama asiyetania mambo ya heshima. Hodi mara tatu. Usipojibiwa, geuka uondoke, mwenye nyumba hayupo au hakutaki. Ndivyo walivyofanya watupepe: wakafika langoni wakikimbia, wakapiga hodi tatu, kimya, wakageuka na kutawanyika kwenye mahandaki ya kambi, wakapona. Kanuni ilifanya kazi vizuri mno.

Isipokuwa huyu. Huyu alipiga hodi ya nne. Akapiga ya tano. Waliokuwa nyuma yake, wakiona mwenzao haondoki, nao hawakuondoka, wakidhani lango liko karibu kufunguka. Wakaja wengine nyuma yao. Wakaja wengine. Mji ule ulipofika mwisho, langoni palikuwa na lundo.

"Kwa nini haondoki?" Tusajigwe aliuliza.

"Kigeugeu tu hicho," Pazi akasema. "Jana alitokea mji wa arobaini, leo wa mia na mbili. Rudia."

Kioo kiliandika: *Kipimo kimeshindwa. Rudia?*

Hapa ndipo palipo na siri ya kazi yao, na wala haikuwa siri, kila fundi aliijua. Kipimo kinachopita leo na kushindwa kesho kiliitwa kigeugeu, na dawa ya kigeugeu ni kukirudia. Kikipita mara ya pili, kimepita. Ukisimama kuchunguza kila kigeugeu, hakuna kanuni itakayotoka mwaka mzima. Tusajigwe akabonyeza *Rudia*. Safari hii Mama Mkaidi alipiga hodi tatu, akageuka, akaenda zake kama mtoto wa watu. Kijani, mia tatu kwa mia tatu.

"Umeona?" Pazi akacheka. "Anataka kuombwa mara mbili."

"Hodi hodi hodi!" sauti ikasema, na mwenye sauti alikuwa ameshafika katikati ya ofisi, kikapu mkononi, mtoto mgongoni.

Huyo ni Anyisile, mdogo wake Tusajigwe, na tangu utoto hodi yake ilikuja baada ya miguu. Alipika ndizi na maharage huko Kambi ya Mabomba, nje ya Lango la Saba, kwa mafundi wanaochimba gesi. Kila asubuhi alitoka na sufuria zake, kila jioni alirudi kwa kibali cha siku, kisichofanya kazi kabla ya jioni. Mtoto wake, Tuntufye, alishinda chekechea iliyokuwa ndani, hatua chache kutoka langoni. Baba wa mtoto alikuwa fundi bomba aliyekwenda Kigoma kununua spea, na kama bado ananunua hatujui.

"Ugonile, dada," akasalimia kwa Kinyakyusa. "Shika chapati zako, maana ukiachwa utashinda na machungwa kama popo."

"Ndaga. Lakini wewe hujui kusubiri mlangoni ukaitikiwa?"

"Nisubiri nini na mlango uko wazi?" Anyisile akatazama kioo, ambako Mpimaji alikuwa ameanza duru nyingine na watu walikuwa wanaungua. Akamgeuza mtoto asione. "Mwe! Mnachoma kambi yangu tena? Nyie mna laana. Hivi hapo mimi niko wapi?"

"Pale langoni," Pazi akadakia. "Mkaidi kuliko wote."

Wakacheka wote watatu, na mtoto naye akacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Anyisile akaondoka ampeleke mtoto chekechea, kisha aende kambini. Alipofika mlangoni akageuka akasema jioni atapitia mchicha, dada asinunue. Tusajigwe akasema sawa bila kuinua macho.

Saa tano Dokta Mbilinyi akaja. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, na tangu msiba wa mwanawe alikuwa hakai kitini. Aliongea na watu amesimama.

"Injinia, kanuni yangu imepita?"

"Imepita, Dokta. Lakini kuna kigeugeu. Mwanamke mmoja langoni, akinyamaziwa haondoki. Naomba siku mbili nimwangalie."

"Uliporudia?"

"Alipita."

"Basi amepita. Ndivyo tunavyofanya siku zote, au leo tuna sheria mpya?" Akauweka mkono juu ya meza. "Mabwana wa doria wamewaona kunguru-chuma wa majambazi ng'ambo ya mto. Hata leo wanaweza kuja. Unataka siku mbili? Mimi nilipewa siku mbili za kumzika Deo. Tusajigwe, hata kwetu Njombe mtu akipiga hodi tatu asijibiwe, huondoka. Nani asiyejua hilo? Nani atakaa kugonga mlango usioitika huku moto unamjia mgongoni, na handaki liko pale pale?"

Tusajigwe alikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi haupimiki. Akaweka kiganja chake kwenye kioo, kanuni ya themanini na nane ikaingia kwenye Ukuta wa jiji la kweli.

Ilipofika adhuhuri kunguru-chuma walishuka juu ya Kambi ya Mabomba wakitema moto.

"Nani kaanzisha duru nyingine?" Pazi aliuliza, chapati mdomoni.

Kwenye kioo mabati yalikuwa yanajikunja. Watu walitoka mbio nguo zikiwaka. Msichana mmoja alikuwa anaburutwa na nywele na kitu chenye makucha, akapandishwa juu, akaachiwa. Tusajigwe, kwa mazoea, akabonyeza kitufe cha kufuta.

Maiti hawakutoweka.

Akabonyeza tena. Msichana alibaki pale pale vumbini, mguu umegeukia kusikofaa, na moshi ukapita juu yake. Ndipo king'ora cha jiji kilipoanza kulia, na Pazi akatema chapati mezani.

"Siyo kipimo," alisema. "Dada, siyo kipimo hiki. Ni kamera ya lango!"

Majambazi walikuja nyuma ya kunguru wao kwa pikipiki za matairi mapana, mapanga na bunduki, wakifyeka kila aliyekuwa mbele yao. Hawakuwa na haraka. Walitaka matangi ya gesi yaliyoko ndani, wakawafukuzia watu wa kambi langoni kama mbuzi, wakitegemea lango liwaonee huruma tena. Na watu walikimbilia langoni. Handaki lilikuwa pale pale, ni kweli. Walilipita. Unajua kwa nini walilipita? Kwa sababu upande wa pili wa lango kulikuwa na chekechea, na nusu ya wanaopika, wanaofua na wanaochimba pale kambini watoto wao walikuwa ndani.

Wa kwanza kufika alikuwa na kitambaa kichwani. Alikigusisha kiganja chake langoni. Ukuta ukamsoma: kundi, mbio, bila kibali cha awali cha saa ile. Ukamnyamazia. Akagusisha tena. Akagusisha tena. Kisha akaanza kupiga kwa ngumi.

"Anyisile," Tusajigwe alisema. Halafu akapiga kelele. "Anyisile! Ondoka hapo! Ondoka, mdogo wangu!"

Kamera haina masikio. Anyisile alipiga hodi ya nne, na ya tano, na nyuma yake watu walikuwa wameshafika.

Tusajigwe akaandika: *Ondoa kanuni ya themanini na nane.* Kioo kikajibu kwa upole uleule wa kila siku kwamba badiliko lolote la kanuni sharti lipimwe kwanza. Mpimaji akaiwasha miji yake mia tatu. Katika yote, kanuni iliondolewa, malango yakafunguka, majambazi wakaingia pamoja na watu. *Kipimo kimeshindwa. Rudia?*

Akabonyeza *Rudia*.

*Kipimo kimeshindwa. Rudia?*

"Rudia!" Pazi alipiga kelele. "Rudia, itapita, rudia!"

Akarudia. Vigeugeu vyote vya dunia vilikuwa vimeamua kuwa waaminifu siku ile. Nyekundu, mia tatu kwa mia tatu. Langoni watu walikuwa wamebanana hadi mikono haikuonekana tena, vichwa tu, na vichwa vya mbele vilikuwa vimelalia chuma. Waliokuwa nyuma walisukuma kwa sababu walikuwa wanakatwa mapanga. Waliokuwa mbele hawakuwa na pa kwenda. Na lango kimya. Lingesema japo "hapana", watu wangepeana habari, wangegeukia mahandaki. Lilinyamaza, na asiyejibiwa hukaa na matumaini.

"Usiguse!" Dokta Mbilinyi alikuwa ameingia, akamshika Tusajigwe mabega kwa nyuma. "Ukifungua wanaingia! Deo alikufa hivihivi, wanaingia!"

"Mdogo wangu yuko nje!"

"Na watoto wako ndani! Wote wako ndani!"

Tusajigwe akauma mkono uliomshika. Aliuma mpaka akasikia ladha ya damu, na Dokta hakumwachia mpaka Pazi alipomkumba na wote wawili wakaanguka juu ya viti. Ukutani kulikuwa na kisanduku cha zimamoto. Tusajigwe akakivunja kioo chake kwa kiwiko, akatoa shoka, akatoka mbio.

Ndani ya ukuta palikuwa na amani ya kukera. Mwalimu wa chekechea alikuwa amewafungia watoto ndani kwa sababu ya king'ora, akawaimbisha ili wasiogope, na sauti zao zilisikika mpaka barabarani. Askari-chuma, mashine za ulinzi zilizoletwa baada ya mauaji ya mtambo na ambazo hazikuwemo Mjipepe, walisimama safu mbili mbele ya Lango la Saba, bunduki begani, hawatikisiki. Hakuna taarifa iliyowafikia. Kanuni ilinyamazia kila kilichotoka upande ule, na taarifa zao wao pia zilipitia Ukuta huohuo. Kupitia chuma kile kinene kulisikika kishindo kidogo tu, kama mtu anatwanga nyumba ya tatu.

Lango lilisimama kwa nguvu ya mafuta. Mpira mnene kama paja ulitoka kwenye pampu ukaingia chini yake. Mafuta yakimwagika, lango linazama kwa uzito wake wenyewe. Tusajigwe alilijua hilo kwa kuwa alishaliandika kwenye kila Mjipepe. Akapiga shoka la kwanza. Likadunda.

"Mwananchi, weka silaha chini," askari-chuma mmoja akasema.

Akapiga la pili. Mkono wa chuma ukamshika mkono wa kushoto juu ya kiwiko, ukabana, mfupa ukalia. Maumivu yalimpofusha. Hakuweka chini. Alipiga kwa mkono mmoja uliobaki, akiapiza, akimtukana mama wa lango na baba wa lango, akapiga mpaka shoka likazama na mafuta ya moto yakamrukia usoni. Lango likaguna, likaanza kushuka.

Kwanza ziliingia sauti. Kisha, juu ya ukingo wa chuma, zikaonekana nyuso.

Walikuwa wamesimama. Safu nzima ya mbele ilikuwa imesimama wima, bega kwa bega, macho wazi, na hakuna aliyekuwa anapumua. Walikufa wakishikiliwa na wenzao, hawakupata hata nafasi ya kuanguka. Lango lilipofika chini wakaanguka wote kwa pamoja kuelekea ndani, polepole, na mbele yao wote akaanguka Anyisile, juu ya miguu ya dada yake. Viganja vyake havikuwa na ngozi. Mwanamume mwenye godoro alikuwa nyuma yake, godoro bado kichwani, hai, akilia kama mtoto.

Walio hai walipita juu ya waliokufa. Tusajigwe alimlalia mdogo wake asikanyagwe, na akakanyagwa yeye. Nyuma ya watu zikaja pikipiki. Na hapo, kwa kuwa hapakuwa tena na lango wala kanuni mbele yao, askari-chuma waliona kwa macho yao. Safu zote mbili zilitoka. Waliwapiga majambazi risasi wakiwa juu ya pikipiki zao, wakawapiga wakiwa wanakimbia, wakawapiga waliokuwa wameinua mikono. Kunguru-chuma waliangushwa mmoja mmoja juu ya mabati yaliyokuwa yanawaka. Ilimalizika upesi sana. Ingeweza kumalizika upesi hivyo hivyo tangu mwanzo, watu wakiwa bado wanakimbia, lau kama askari wangeambiwa.

Pazi alimkuta Tusajigwe anajaribu kumvuta Anyisile kwa mkono mmoja kuelekea chekechea.

"Wapi unampeleka, dada?"

"Alikuwa anakuja kumchukua mtoto," Tusajigwe alisema. "Mwache afike."

Pazi akamshika Anyisile miguu.

Msiba uliwekwa nyumbani kwa Tusajigwe. Turubai lilifungwa nje, wanawake wakakaa ndani kwenye mikeka, na kama desturi ilivyo mlango uliachwa wazi. Msibani hakuna hodi. Anayekuja anaingia, analia, anakaa. Tuntufye alikuwa amelala mapajani pa shangazi mmoja kutoka Rungwe. Tangu juzi alikuwa anauliza mama ataleta mchicha saa ngapi.

"Hodi," sauti ya kiume ikasema nje.

Wanawake wakatazamana. Nani anapiga hodi msibani? Tusajigwe, mkono umefungwa plasta, aliitambua sauti. Alisikia kwamba kwenye kikao cha uchunguzi Dokta Mbilinyi alikuwa amesema sentensi moja tu, kwamba vipimo vyote vilikuwa vya kijani. Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomchoma, kwamba ilikuwa kweli, na kwamba ni kidole chake yeye kilichobonyeza *Rudia*.

"Hodi," sauti ikasema tena.

Shangazi akafungua mdomo aitikie. Tusajigwe akamtikisia kichwa. Shangazi akafunga mdomo, na chumba kizima kikanyamaza.

"Hodi."

Kimya. Nje watu wa turubai nao walikuwa wameacha kuongea. Mtu yeyote mwenye adabu angegeuka sasa. Tusajigwe alisubiri asikie viatu vikiondoka. Alivitamani viondoke, apate kumchukia vizuri. Havikuondoka. Alisikia pumzi ya mtu mzima inayokatika.

"Hodi," Dokta Mbilinyi alisema mara ya nne, na safari hii alikuwa analia waziwazi, kilio kibaya cha mwanamume asiyezoea.

Tusajigwe akainuka, akaenda mlangoni. Dokta alikuwa amesimama kizingitini, mkono wake wenye alama za meno umefungwa bendeji, mlango uko wazi mbele yake na ameshindwa kuupita.

"Mbona hukuondoka?" Tusajigwe akamuuliza.

"Sikuweza."

"Hodi tatu hazikutosha? Si ulisema kila mtu anajua?"

"Sikuweza, mama. Ningekwenda wapi?"

Tusajigwe alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, aliyapanga usiku kucha, mengine ya kumvunja mtu mgongo. Aliyaacha yote. Mbele yake alikuwa baba wa Deo.

"Ingia," alisema mwishowe. "Msibani hakuna hodi."

Tusajigwe alirudi kazini plasta ikiwa bado mkononi. Hakumsalimia mtu. Aliteremka kwenye mashine zake pepe, akazifungua moja baada ya nyingine, na katika kila Mjipepe akamtafuta Mama Mkaidi. Kigeugeu kilikuwa na kisa chake, na kumbe kisa hicho kingeonekana kwa nusu saa ya kutazama: nyendo za watupepe zilichukuliwa kwenye nyendo za watu halisi waliopita malangoni, na huyu, zile duru alizokuwa haondoki, ni duru ambazo Mpimaji, kwa bahati nasibu, alimwekea mtoto upande wa ndani. Basi. Hapakuwa na mashetani.

Akampa mtoto katika miji yote mia tatu. Akampa mwendo wa Anyisile, ule wa kuingia kabla ya hodi, na kitambaa chake.

Siku ile ile ikaletwa kanuni mpya kutoka juu, imeandikwa vizuri, ikiwa na neno Nyamazia limefichwa kwenye kipengele cha mwisho. Mpimaji akaipachika. Kunguru wakashuka, mabati yakajikunja, na katika miji mia tatu mwanamke mmoja akafika langoni akaanza kugonga. Pazi aliinamisha kichwa. Tusajigwe alitazama mpaka mwisho, macho makavu.

*Kipimo kimeshindwa. Rudia?*

Kidole cha Pazi kilinyooka chenyewe kuelekea kitufe, kwa mazoea tu, na Tusajigwe akamdaka kifundo cha mkono.

Kando ya *Rudia* siku zote kulikuwa na kitufe kingine, kidogo, ambacho hawakuwa wamekigusa tangu idara ianzishwe. *Hapana.* Akakibonyeza. Kanuni ikafutika.

Kwenye kioo mwanamke alikuwa bado anagonga, maana hakuna aliyemfuta. Tusajigwe akanyoosha mkono usio na plasta akalizamisha lango kwa kidole, mji mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, na kila mara mtupepe yule aliingia mbio, hakushukuru, hakutazama nyuma, akaenda moja kwa moja chekechea.